Wananikanda Tumbo Ili Mimba Ihamie Mahali Pake

Nshamba, Mei 1956

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana nimechoka, na uchovu wenyewe si wa jembe, jembe nalijua tangu utoto. Niliolewa hapa kwa ndoa ya kanisani, mume wangu ni Mlutheri kama mimi, anafanya kazi kwenye shamba la majaribio la Maruku na huja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo siku zote tuko wawili kibanjani, mimi na mama yake, na mama huyu, nisikufiche, ananipenda, hajawahi kunitukana hata mara moja, ndiyo maana nashindwa kumkatalia neno.

Mwaka juzi nilishika mimba nikanyamaza, maana kwetu mke hatangazi, anangoja tumbo liseme lenyewe, nikawa na maumivu chini ya tumbo upande mmoja nikasema yatapita, siku moja nikiwa napalilia maharage nikaanguka, wanaume wa jirani wakanibeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, njiani sikumbuki kitu, nilipozinduka nina mshono tumboni na nesi mmoja Mhaya amekaa karibu yangu akanieleza kwamba mimba haikukaa kwenye mji wa mimba, ilikaa kwenye mrija, mrija ukapasuka damu ikajaa tumboni, daktari akautoa ili nisife, lakini wa upande wa pili upo na naweza kuzaa tena. Nikamshukuru Mungu nikarudi nyumbani. Hakuna aliyenipa pole, kwa sababu mtoto hakuonekana, kaburi hakuna, jina hakuna, wala sikuwekwa ndani nikapikiwa kama mzazi, nguvu ziliporudi kidogo tu nikashika jembe.

Tangu hapo ni mwezi kwa mwezi, nangoja, damu inakuja, nalia migombani, nafua vitambaa, naanza tena. Kanisani wenzangu wote ni Mama Fulani, mimi bado naitwa muka fulani, yaani mke wa mtu basi. Mume wangu akija ananiuliza, "Vipi?" nami najua anauliza nini, nasema, "Bado," anasema, "Haya," tunakula. Baba yake mdogo alisema mbele yangu watu wakinywa pombe ya rubisi kwamba kijana atafute mwanamke wa kumzalia, kanisa litamsamehe baadaye, ila mama mkwe alisimama akamwambia, "Huyu ni mwanangu, hapa haletwi mtu." Usiku ule nilimpenda kuliko mama aliyenizaa.

Basi ni yeye huyo huyo aliyeniita jikoni akaniambia, "Mwana wange, daktari si alisema mimba ilikaa pasipo pake? Mche wa mgomba ukiota pabaya tunauacha ufe? Tunaung'oa na udongo wake tunaupeleka shimoni pake, na unazaa. Na tumbo nalo lina watu wanaolijua." Akamleta bibi mmoja aliyeolewa huku kutoka kisiwa cha Bumbire, mwenye sifa ya kukanda, na sasa kila Ijumaa ananikanda kwa samli, anasukuma kutoka ubavuni kuja katikati huku anasema, "Hamia huku, hamia huku." Inauma sana, waitu mama, lakini mama mkwe anakuwa amenishika mkono na machozi yanamtoka yeye kuliko mimi, nitasemaje?

Nauliza, Mama Mshauri, niendelee kukandwa, au nimwambie mume wangu aoe tu nipumzike? Maana siku hizi natamani kupumzika kuliko ninavyotamani mtoto, na jambo hilo linanitisha. Kingine ni kwamba mwezi huu na uliopita sijaona siku zangu vizuri, ni matone meusi tu, na upande ule uliobaki unanivuta nikiinama, sijamwambia mtu kwa kuwa bado ni mapema mno, na bibi atakuja Ijumaa kama kawaida. Jina nimeliacha, unisamehe.

Ni mimi, mke wa mtu.

JIBU

Yesu wangu! Mwanangu, umejaza karatasi kwa habari za baba mdogo na rubisi, halafu kule chini kabisa, kama mtu aliyeaga akakumbuka kitu mlangoni, unaniambia hujaona siku zako na upande uliobaki unakuvuta. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza! Hayo mengine yote yangeweza kungoja mwaka. Nenda hospitali. Kama gazeti hili liko mkononi mwako, lipe mtu mwingine alisome, wewe tafuta kanga ujifunge uondoke.

Usitembee kwa miguu. Waite wanaume wale wale wa machela, au simamisha lori lolote la kahawa linalopita, mwambie dereva una hatari. Ukifika usianze kuhadithia tangu ndoa. Sema, "Nilishatolewa mrija mmoja, nimepitiliza siku zangu, nina maumivu upande wa pili." Watakuelewa.

Na bibi wa Bumbire asikuguse tena. Nimezalisha wanawake wa wilaya hii mpaka mgongo wangu ukapinda, na mimba za mrijani nimeziona, sijaona hata moja iliyohama kwa kusukumwa. Sisi watu wa vibanja tumezoea kuhamisha, tunaona kila kilicho hai kinahamishika. Mimba haing'oki na udongo wake. Ikishajishika kwenye mrija imejishika, na mrija ni mwembamba, ukiukandamiza unapasuka. Nesi alikueleza kwa Kihaya kizuri, nawe ukalala chali mbele ya samli! Nimekasirika nawe, halafu nimekuonea huruma, halafu nimekasirika tena.

Mama mkwe, ukisomewa haya, sikulaumu. Ulimtetea mkwe wako pale wengi wangemfukuza, na mkono huo uliomshika akikandwa ndio nataka umshike nao kwenye machela. Lakini umekosea, na kosa lako linaua.

Na hilo la kunyamaza tulizungumze. Najua heshima yake, hata mimi mimba zangu nilizinyamazia. Wewe uliyepasuliwa huna ruhusa hiyo. Kila utakapopitiliza, hata kwa wiki moja, mwambie mumeo na mama yake, ukaonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Sitakudanganya kuhusu mtoto. Huenda daktari akakuta mimba iko mahali pake, ukarudi nyumbani unacheka, nami nitacheka nawe. Huenda akaikuta mrijani, akautoa na huo, na hapo mlango wa kuzaa utakuwa umefungwa. Litakuwa pigo zito, utalilia, na safari hii nataka wakupe pole, wakuweke ndani, wakupikie kama mzazi, maana ulichopoteza kilikuwa mtoto hata kama hakuna aliyekiona. Na kama si mimba kabisa, basi tumbo lipumzike, mrija mmoja mzima unatosha, nimewapokea watoto wa akina mama wa namna hiyo kwa mikono yangu. Lakini huwezi kujaribu tena ukiwa kaburini.

Habari ya mumeo kuoa usiiamue sasa. Kutamani kupumzika si dhambi wala si dalili kwamba hukumpenda mtoto. Mtu aliyechoka anatamani kupumzika, basi. Nawe bwana wa Maruku, ukiuliza "Vipi?" kisha ukasema "Haya," unadhani umesema kitu? Omba ruhusa kazini uje nyumbani, ukae kando ya kitanda chake hata kama huna la kusema.

Mwanangu, barua yako imelala posta, gazeti hutoka mara moja kwa mwezi, na Ijumaa uliyoitaja imeshapita. Nyingine baada yake nazo zimepita. Mhariri amekubali kuiweka mbele ya barua zote, na nimempelekea salamu mchungaji wa huko awaambie wanawake waache kukandwa, bila kumtaja mtu. Ningekuja mwenyewe, lakini nije nyumba ipi? Nshamba ina wake za watu wengi.

Sijui kama unayasoma haya. Kama unayasoma, na umetoka hospitali, niandikie. Jina bado silitaki. Chukua karatasi, andika "Nipo," uitie posta. Mwandiko wako nimeshaujua.

Mama Penina
Bukoba