Fundo la Utosini

Jumatatu, 2 Juni

Nimesinzia tena dukani. Mteja alitaka zipu nyeusi, nimeshika futi ya kupimia, nikapotea. Nilipofumbua macho alikuwa ameshaondoka, futi iko chini, na vijana wa mitumba hapo nje wanacheka. Wacheke tu. Wao usiku wanalala.

Mimi nalala lakini silali. Mwajuma, mke wa mwanangu, anasema nakoroma mpaka bati linatikisika, halafu nanyamaza, pumzi hakuna, halafu nashtuka kama mtu anayeopolewa majini. Usiku kucha ni hivyo. Hamisi mwanangu yuko Dubai kufuata mzigo, kwa hiyo hapa Magomeni tupo wanawake wawili tu, na mmoja kazi yake kumsikiliza mwenzake kama bado mzima.

Dada yangu Zuhura alikuwa hivi hivi. Tukasema ni jinamizi. Mwaka juzi alilala, hakuamka. Nami najua nitakufa vile. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Jioni nilipitia kwa Daktari Kantilal, Kisutu, kuchukua mashine aliyoniahidi. Kisanduku kinachopuliza upepo, mpira mrefu, na maski ya kuvaa puani. Upepo unazuia koo lisijifunge. Ilikuwa ya mgonjwa wake aliyehamia Uingereza, watoto wake wameirudisha. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akasema, "Mama, yeye haihitaji tena."

Kafa Ulaya, basi. Kama suruali zote za mitumba zinazouzwa mtaani kwetu.

Jumanne, 3 Juni

Maski ilikuwa na harufu ya poda ya mtu nisiyemjua. Niliiosha kwa sabuni, haikutoka. Nikaifukiza udi. Ujinga mtupu. Nimeuvuta udi usiku kucha, na kwangu udi ni harufu ya kazi. Mimi na jirani yangu Mama Pili ndio tunaoosha maiti wa kike mtaani, tangu mume wangu yuko hai. Nimelala nikiwa kama nasubiri mtu alete ndoo.

Tena hainienei. Imetengenezwa kwa pua ndefu. Yangu ni bapa, kwa hiyo juu panabaki uwazi na upepo unanipuliza machoni. Nikakaza mikanda. Nikakaza tena.

Zuhura kaja. Kasimama mlangoni, mdomo wazi.

Ndotoni huwa anakuja hivyo. Siku aliyokufa tuliitwa jua limeshapanda, mwili umeshakakamaa. Nilimfunga kitambaa chini ya kidevu, fundo utosini, kama ninavyowafunga wote, nikasubiri. Nilipofungua, mdomo ukabaki vile vile. Amezikwa kama mtu aliyekatizwa maneno.

Alhamisi, 5 Juni

Kidonda juu ya pua. Mashavu yana mistari. Mwajuma anasema nimejikaza kama mzigo unaopelekwa Kigoma.

Nimelegeza. Ajabu, upepo unavuja kidogo kuliko nilipokaza. Kumbe ile maski ina ukingo laini unaotaka kuvimba wenyewe, ukiubana sana unakunjamana. Hakuna aliyeniambia.

Dukani nina boksi zima la pedi za mabega. Zimenidodea, wanawake wa mjini hawazitaki tena. Nimekata kipande cha sponji, nikakishona kwenye kitambaa laini, nikakiweka pale juu ya pua. Mwajuma kanishikia kioo. Nilipokaa ilinienea sawasawa. Nilipolala chali ikahama.

Nikaivaa upya nikiwa nimelala. Uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyekaa. Mashavu yanakwenda pembeni, ngozi inashuka nyuma. Hilo nimeliona kwa wangapi! Sikuwahi kudhani na wangu unafanya hivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Mikanda ya zamani ilikuwa imelegea. Nimeweka lastiki mpya, ile pana. Mwanamke mzima, duka la vifungo na lastiki, najishonea hatamu.

Umeme umekatika tangu saa za asubuhi. Jenereta za majirani zinaunguruma barabarani kote mpaka husikii mteja anataka nini. Moshi hadi kwenye vitambaa. Siku hizi kila aliyekwenda Dubai mara moja ana jenereta. Hamisi alisema ataleta moja. Sijui lini.

Jumapili, 8 Juni

Pua imekubali. Kidonda kinakauka. Sponji limekaa mahali pake, upepo hauji tena machoni.

Lakini nimeamka ulimi mkavu, umegandamana na kaakaa, na kichwa kinauma kama zamani. Upepo unaingia puani unatokea mdomoni. Mwajuma alizunguka na ufagio muda mrefu kabla hajasema. "Mama, usinielewe vibaya. Unalala mdomo wazi."

Nimeshinda na hilo neno kutwa.

Jumanne, 10 Juni

Kwa daktari. Nikamweleza. Hakufikiri hata kidogo. Alitoa bandeji kwenye droo, akaipitisha chini ya kidevu chake mwenyewe, akaishikilia juu ya kichwa, akatabasamu.

"Hivi tu, Mama. Unafunga taya. Rahisi kabisa."

Mzee wa watu na mvi zake, anaongea na mimi huku kafungwa kidevu. Nikachukua mkoba nikatoka. Sikuaga. Nilitembea mpaka Kariakoo kwa miguu, sikumbuki nilipita wapi.

Jumatano, 11 Juni

Sifungi.

Bora nife nikiwa sijafungwa, nifungwe baadaye kama wenzangu.

Ijumaa, 13 Juni

Leo tumemwosha Bi Asha wa mtaa wa nyuma. Mtu mzima, mwepesi, hana shida. Mama Pili anamimina maji, mimi nimeshika kichwa.

Nikasinzia.

Nimesinzia na kichwa cha marehemu mkononi. Kilianza kuniponyoka. Mama Pili alitupa kata akakidaka.

"Tatu! Unalala na mtu mkononi?"

Wajukuu wa marehemu wako nyuma ya pazia. Wamesikia. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu. Mama Pili kamalizia yeye. Kama siwezi kulala siwezi kufanya kazi hii. Kazi hii na duka ndivyo nilivyonavyo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekata ukanda wa bafta, ile ya sanda, kwenye jora. Nyeupe. Ndiyo iliyokuwa karibu na mkasi.

Leo nafunga. Mwajuma sikumwambia, ameshaingia chumbani kwake. Nimevaa maski kwanza, halafu ukanda. Sikutumia kioo. Mikono inajua.

Jumapili, 15 Juni

Leo nimefiwa na mimi mwenyewe.

Nimeandika hiyo sentensi nikacheka. Ngoja niandike kwa mpangilio.

Umeme ulikatika kabla ya alfajiri. Mashine ikazima. Inaelekea niliivua maski usingizini, wameikuta uvunguni mwa kitanda. Ukanda ukabaki. Nami siku zote hulala ubavu, lakini leo nilikuwa chali, nimenyooka. Nimelala. Kulala kweli, kama nilivyokuwa nalala nikiwa msichana. Sikusikia adhana.

Mwajuma aliona kimya. Hakuna mashine, hakuna koroma. Akaingia, akafungua dirisha. Akaona bafta nyeupe kidevuni, fundo utosini.

Alipiga ukelele uliofika kwa majirani wote. Sikuusikia hata huo. Wakaja. Wanawake wakajaa uani, mtu katandika mkeka nje, mtu katumwa kutafuta simu ya kumpigia Hamisi Dubai. Mama Pili akaja na beseni lake. Haya nimesimuliwa.

Kilichofuata nilikisikia mwenyewe. Sauti ya Mama Pili, karibu sana.

"Nani kamfunga?"

"Nimemkuta hivyo hivyo," Mwajuma analia. "Nimemkuta hivyo hivyo, mama yangu."

Kisha vidole utosini kwangu. Vinapapasa fundo, taratibu, kama mtu anayesoma. Mama Pili tumefanya kazi pamoja miaka na miaka.

"Hili fundo ni la Tatu," akasema. "Hakuna anayefunga hivi isipokuwa Tatu."

Mwajuma akaacha kulia.

Nikafumbua macho. Mama Pili alirudi nyuma, akalikanyaga beseni, akaanguka na beseni lake. Wengine walikimbia, mmoja akaacha kiatu. Nikataka kuwaambia nipo, jamani, nipo. Mdomo haukufunguka. Nilikuwa nimefunga vizuri mno. Nikalala pale nimewakodolea macho, maneno yamejaa kinywani, na nikamkumbuka Zuhura kwa namna ambayo sijawahi kumkumbuka. Mwajuma ndiye aliyerudi. Akalifungua fundo kwa meno.

Jumatatu, 16 Juni

Jana watu walileta wali na maharage ya msiba. Tukala, tungefanyaje?

Mtaa mzima unanisalimia kwa mbali. Wale vijana wa mitumba, ambao kawaida yao ni "Mambo, Bi mkubwa?", leo wameamka na "Shikamoo" wote kwa pamoja. Hawacheki. Mteja mmoja alichukua uzi wake akaweka hela mezani badala ya mkononi mwangu. Mama Pili hajaja.

Hamisi kapiga simu dukani kwa jirani. Kuisikia sauti yangu akalia. Mwanaume mzima, yuko Dubai, analia.

Mchana Mwajuma kaja dukani. Hajawahi kuja bila kutumwa. Alisimama mbele ya kaunta na uso wa kuvimba.

"Mama, ukijifunga tena vile, mimi narudi kwetu. Haki ya Mungu narudi."

Nikamwambia daktari kasema lazima nifunge, nisipofunga nitamfuata Zuhura. Na nikifunga namwona Zuhura. Nimemwambia vyote. Nimemwambia na habari ya Bi Asha. Nililia mbele ya mkwe wangu.

Hakusema pole. Aliingia nyuma ya kaunta, akavuta lastiki pana ya rangi ya machungwa, akanipima kwa mkono kutoka kidevuni hadi kichwani. Akakata. Akashona muda wote wa chakula cha mchana. Halafu akaangalia ubao wa vifungo, akachagua kimoja chekundu, kikubwa, cha koti la kike. Akakiweka pembeni, karibu na sikio. Unavuta, unafunga kifungo, basi. Utosini hakuna kitu.

"Maiti havalishwi kifungo," akasema.

Nikamwambia rangi hiyo itanifanya nionekane kama mchezaji wa sarakasi. Akasema ndivyo anavyotaka.

Alhamisi, 19 Juni

Nimelala. Juzi pia.

Lastiki inavuta kidogo tu, mdomo unafungika lakini nikitaka kusema nasema. Nimejaribu. Nimelala pale gizani nikataja jina langu kwa sauti, kisha nikamwita Mwajuma, akaitika chumbani kwake, "Bee, Mama?" Nikamwambia hakuna kitu. Kila nikivaa namwita, naye anaitika. Sijui ni mimi ninayehitaji au ni yeye.

Dukani sijasinzia. Nimehesabu vifungo vya sare za shule bila kukosea.

Zuhura hajaja. Nilidhani nitafurahi. Leo asubuhi nilikaa kitandani nimeshika ile lastiki, nikajiona kama mtu aliyehama nyumba bila kumwambia dada yake. Nimelia kidogo. Halafu nikaenda Feri kununua samaki changu, Zuhura alikuwa anawapenda.

Jumatano, 25 Juni

Mama Pili kaja asubuhi. Hakuingia ndani, alisimama kizingitini. Kuna mtu wa kuosha, akasema, mwanamke kijana, mama yake hajiwezi, na yeye Mama Pili peke yake haiwezi kazi hii. Nikachukua kanga nikatoka naye. Tulipokaribia akanishika mkono, mkono ulikuwa wa baridi, nikamwachia aushike.

Sikusinzia. Nilimshika yule binti tangu mwanzo mpaka mwisho na kichwa chake hakikusogea. Tulifika mapema, taya bado lilikuwa laini. Mama Pili akanipa kitambaa. Nikakipitisha chini ya kidevu, nikapandisha pembeni, na hapo mkono wangu ukasimama karibu na sikio la yule binti. Ukapapasa.

"Unatafuta nini?" Mama Pili akauliza.

Nilikuwa natafuta kifungo.

Nikamwambia sitafuti kitu. Nikapeleka kitambaa juu, nikafunga fundo utosini, na mdomo ukafungika vizuri. Adhuhuri nilikuwa dukani.