Unga wa Kulwa kwenye Karai la Mwalimu

Jumatano, Masumbwe. Jua la leo unaweza kukaangia yai juu ya bati, na mimi Shija nimenuna kama niliyenyimwa ugali. Mtu amelipiza kisasi halafu ananuna? Ngojeni niseme.

Nikiwa kidato cha pili, Mwalimu Mabula alitufundisha usanisinuru: jani linachukua hewa ya ukaa, maji na mwanga wa jua, linajipikia chakula. Nikanyoosha mkono. Kwa nini watu wasitengeneze jani lao, likale moshi wa magari? Darasa zima likacheka, na yeye ndiye aliyeanza. "Shija, kichwa chako ni karai. Kinashika mchanga tu." Wakaniita Karai mpaka nikaacha shule.

Sijasahau hata siku moja.

Sasa dada yangu Kulwa, anayesoma kemia chuoni, amekuja likizo na kichupa cha unga wa zambarau. Ni kichocheo. Ukiutia kwenye maji yenye hewa ya ukaa ukauweka juani, unakamata mwanga na kuigeuza ile hewa kuwa gesi inayoweza kuwaka. Inatoka kidogo sana bado, lakini wameiga jani. Jani langu! Kesho tulikuwa tuupeleke shuleni kwetu, mimi ndiye niueleze, pale pale ubaoni. Na Mwalimu Mabula, mstaafu mwenye karasha la kusagia mawe siku hizi, amealikwa.

Ningesubiri siku moja tu.

Lakini mdomo wangu hauna breki. Leo mchana nimebeba kichupa mpaka kwenye karasha lake, wanaposaga mawe ya dhahabu, nikatamba kwamba unga huu una dhahabu ndani. Kweli unayo, Kulwa kaniambia: chembe ndogo kuliko vumbi, zimegandia humo, karai haliwezi kuzishika. Hilo la mwisho nikalimeza.

"Hebu lete tuone, mwanangu," akasema Mwalimu.

Mwanangu! Tangu lini?

Huku kwetu ukitaja dhahabu hakuna anayeomba maelezo; kitu kinaoshwa. Nilijua atachota kidogo tu, aaibike. Akamimina chupa nzima kwenye karai, akanirudishia kichupa, akatia zebaki ya kunasa dhahabu, akazungusha, akamwaga maji, akazungusha tena. Vijana wamemzunguka, shingo ndefu.

Patupu.

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "karai limeshika mchanga tu."

Wakaanguka kwa kicheko. "Rudi darasani, Mwalimu!" mmoja akapiga kelele. Yeye akajifuta mikono kwenye suruali bila kunitazama. Jamani, utamu wa soda baridi.

Kisha nikakiona kichupa mkononi mwangu, kitupu. Unga ulishakwenda na maji kwenye rundo la mchanga uliokwisha kuoshwa, rundo refu kama nyumba.

Nyumbani, Kulwa hakunipiga. "Miezi yote ile, Shija," akasema, akaingia ndani. Afadhali angenipiga.

Nakiri: kisasi kikubwa kilikuwa cha kesho, nikakimwaga leo kwa kicheko cha dakika mbili.

Lakini nitakwenda. Unga sina, chaki ipo. Nitachora jani, jua na hewa ya ukaa. Kichupa kitupu nitakiweka mezani, niseme nani alikipeleka kwenye karasha na nani alikimimina. Jina langu litatangulia, lake lifuate.

Naye atakuwa amekaa kwenye dawati la mbele. Safari hii, akitaka kusema neno, anyooshe mkono.