Wifi, Joka Lako Halikuwa na Kosa

Mpendwa wifi yangu Tatu,

Kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia mimi, lakini leo naanza mimi kuinama.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu wewe ulisingiziwa hadharani, uani kwa mama yako, watu wamekaa kwenye mikeka mpaka mlangoni. Nikikuomba radhi pembeni, kwa kunong'ona, nitakuwa nimekurudishia nusu tu ya nilichokunyang'anya. Na simu zangu hata hivyo hupokei. Ni haki yako.

Nakumbuka ulivyorudi nyumbani Handeni kutoka Mombo, ulikokuwa ukimsaidia mama mmoja kuuzia abiria wa mabasi chakula. Ulishuka na begi, cherehani ya mkono, na simu kubwa kuliko ya kaka yako. Yeye alikuwa safarini na lori kama kawaida. Nuru wangu alikuwa na mwaka na nusu, hataki kushuka mgongoni, na mimi nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao mtu hakumbuki kama amekula. Ulinikuta nafua. Hujatua hata begi ukasema, "Wifi, unanuka moshi kama mbuzi wa sikukuu. Lete huyo mtoto, nenda kaoge."

Nilioga nikalia humohumo bafuni. Tangu nishuke Vugiri kuja kuolewa kwenu, hakuna aliyewahi kuniambia nenda kaoge, mtoto nitamshika mimi.

Jioni ile ndiyo ulinionyesha ule mchezo wa kwenye simu, wa kukusanya viumbe. Kila kiumbe na sura yake na nguvu zake, wengine wana pembe, wengine wanatema moto, na mchezaji anawatafuta mmoja mmoja, anawafuga, anawafundisha kupigana. Wewe ulikuwa na yai. Ukaniambia yai hilo haliatamiwi kwa kukaa, linataka mwenye simu atembee. Ukacheka. "Na mimi nashinda nimekaa kwenye cherehani. Wifi, wewe unakwenda lamboni kuchota maji mara ngapi kwa siku?"

Basi ukawa unanifungia simu yako kwenye pindo la khanga kila nikitoka na ndoo. Ni mwendo mrefu, unaujua. Nilikuwa nikiuchukia. Siku hizo nikaanza kuuhesabu kwa furaha, nikajiona hata miguu yangu hii yenye magaga ina kazi ya maana. Na siku lile yai lilipopasuka tulikuwa wote njiani, Nuru mgongoni kwako, ndoo kichwani kwangu. Simu ikatetemeka kiunoni. "Tua ndoo," ukaniambia. "Tua ndoo, wifi, mtoto anazaliwa." Tukachuchumaa chini ya jua kama watu wasio na akili, tukatazama.

Lilitoka joka. Rangi ya embe bivu, tumbo limetangulia, mabawa mafupi ambayo huelewi yanauinuaje mwili ule. Mimi nilidhani joka ni kitu cha kumeza watu. Hili lilitutazama likapiga chafya. Ukalipa jina, Bonge. Kadiri lilivyokua tukaona tabia yake. Ukilipeleka kupigana linakwenda kwa kujikokota, lakini mwenzake akiumia ndiyo unaliona mbio, linakwenda kukaa ubavuni pake na kumpulizia mvuke mpaka apate nafuu. Nikakuuliza, "Joka gani hili halijui hata kung'ata?" Ukanijibu, "Ni kama kaka yangu. Mwili wa kutisha, moyo wa uji."

Nuru naye akawa hali mpaka amwone Bonge. Ndipo ulipomshonea lake, la kushika. Tumbo na kichwa ulivitoa kwenye vipande vya kitenge cha njano, ndani ukajaza sufi, mabawa ukayakata kwenye kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Mama alilishika akaligeuza huku na huku. "Hiki ni nini, nyoka au bata?" Ukamwambia, "Ni mgeni, mama, mkaribishe." Mama akacheka, akalikaribisha kabisa, akaliuliza habari za huko litokako. Nuru akawa analala amelikumbatia kila siku.

Nimefika mahali pagumu kuandika.

Nuru alikuwa na chandarua, kile nilichopewa kliniki nikiwa na mimba yake. Kuku walikuwa wanamaliza tuta langu la mchicha, lile nililokuwa nikilimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nikakitoa chandarua kitandani nikafunika mchicha. Nilijiambia ni kwa siku mbili tatu, halafu siku zikapita. Wewe ulikiona. Ukaniambia taratibu, unatunga uzi kwenye sindano, "Wifi, mchicha umelala ndani ya neti, mtoto amelala nje ya neti." Na mimi nikakujibu, "Ukizaa wako utamlaza unavyotaka."

Uliendelea kushona. Neno lile sijui nilitoa wapi ujasiri wa kulitamka, na aliyekuwa ananishikia mtoto ni wewe.

Haikuchukua muda. Nuru aliamka na joto, kufika saa nane mchana akakakamaa mikononi mwangu, macho yamepinduka, mwili wote unatetemeka. Mama mkubwa wenu alikuwa amekuja kutusalimu. Akasema ni degedege, mtoto asipelekwe hospitali, akidungwa sindano katika hali ile anakufa, zitafutwe dawa za kumfukizia. Mimi nilisimama kama gogo. Wewe ulimchukua Nuru mikononi mwangu ukatoka naye barabarani peku, ukasimamisha bodaboda. Uliniambia neno moja tu. "Panda."

Hospitali walimpima wakakuta malaria, imempanda kichwani. Akawekewa dripu. Muuguzi akaniuliza, "Mama, mtoto analala kwenye chandarua?" Nikasema ndiyo. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu umeshika chupa ya chai, na nilisikia ulivyovuta pumzi. Ulimimina chai ukanipa.

Tuliporudi siku ya tatu, mtoto mzima na anadai uji, tulikuta watu wameshakaa uani. Mama mkubwa amelishika joka la Nuru kwa bawa moja, mbali na mwili wake. Akasema mdudu wa degedege ana mabawa, hata wajukuu wanajua, kivuli chake kikimpitia mtoto ndiyo basi, na sisi tumemlaza mtoto na sanamu lake kifuani. Watu wakaguna. Mama akanigeukia mimi, kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa unanipa nafasi ya kusema kweli. "Wewe ndiye mzazi wa mtoto. Sema, mwanangu. Hili dude nani aliliingiza chumbani?"

Kwenye pindo la khanga yangu, palepale ulipokuwa unanifungia simu, palikuwa na karatasi ya hospitali iliyoandikwa malaria. Na hatua kumi kutoka mikekani palikuwa na chandarua, kiko juu ya mchicha, kila mtu anakiona na hakuna anayekitazama. Nikajua nikiitoa ile karatasi, swali linalofuata ni chandarua.

Nikasema, "Aliyeleta ni Tatu. Mimi sikulipenda tangu siku ya kwanza."

Wifi, nilikutazama. Wewe ulitazama tuta la mchicha, ukanitazama mimi, ukainamisha kichwa. Nilikuwa nasubiri ulitaje. Ungelitaja, pale pale ningetolewa mimi, mke wa kuja, Msambaa aliyemtia ugonjwa mjukuu wa watu kwa sababu ya mboga. Ulikuwa na neno hilo mdomoni ukalimeza kwa ajili yangu, mtu aliyekuwa ametoka kukuuza.

Kisha nikafanya ambalo hakuna aliyenituma. Nililichukua joka mkononi mwa mama mkubwa nikalitia kwenye moto wa jiko mwenyewe. Sufi ilishika moto mara moja. Mabawa yakajikunja, yakanuka nailoni iliyoungua. Nuru alilia akaninyooshea mikono, akidhani namwokolea. Miguu iliyomtembeza Bonge mpaka akazaliwa ni hii yangu, na mkono uliomchoma ndio huu ninaoandikia.

Kesho yake alfajiri nilikitoa chandarua bustanini, nikakifua, nikakitundika juu ya kitanda. Mama akanisifu kwa usafi.

Ulikaa nasi mwezi mmoja baada ya hapo. Niliona yote. Wenye watoto wachanga wakikuona wanavuta khanga kuwafunika. Jirani mjamzito alirudisha gauni ulilomshonea, hakulileta mwenyewe, alimtuma mtu aliache mlangoni. Ulilifumua mshono kwa mshono, ukakunja kitambaa vizuri, ukaanza kufunga begi. Nilikusindikiza mpaka kituoni, nikawa naongea habari za mvua. Basi la Korogwe likaja. Ulisema, "Mlaze Nuru vizuri," ukapanda. Hukusema kwa kejeli, na afadhali ungesema kwa kejeli.

Tangu hapo nasikia habari zako kwa kaka yako tu. Kwamba uko Hale, unashona kwa fundi mmoja karibu na nyumba za wafanyakazi wa umeme, kwamba una wateja. Naye hakuwa anajua kweli yote, alirudi safari akakuta habari imeshapikwa na kupakuliwa.

Ule mchezo uliniwekea na mimi kwenye simu yangu, unakumbuka, ukanipa joka kama lako. Mwaka mzima sikuufungua. Siku moja ulifunguka kwa bahati mbaya, kwa kidole cha Nuru. Joka likaja mbio kutoka mwisho wa kioo, tumbo linacheza, likaanza kurukaruka kana kwamba tuliachana jana. Halikununa wala halikuniuliza nilikuwa wapi. Nuru akasema, "Mama, linakupenda." Nikaifunga simu, nikasingizia chaji. Mtu anaweza kuona aibu mbele ya picha, wifi, sikujua hilo.

Sasa nina mtoto wa pili, wa kiume. Arobaini yake inakaribia. Unajua desturi ya kwenu, siku ya kunyolewa zile nywele za tumboni, mtoto anapakatwa na shangazi yake. Shangazi wa damu wa mtoto huyu ni mmoja, ni wewe. Wiki iliyopita mama aliniambia, anachambua mchele, kwamba watamtafuta binamu yenu wa Korogwe ampakate, "maana yule mwenzio mkono wake tunauogopa." Alisema jambo hilo kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Nikamwambia, "Mama, mkono wa kuogopwa ni wangu." Nikamweleza. Chandarua, mchicha, karatasi, niliyomjibu muuguzi, ulivyonitazama. Sikupunguza kitu. Mama hakunikatiza. Mchele ulikuwa umeshaisha mawe, yeye bado anachambua. Mwishowe akasema, "Miaka miwili nasali nisamehewe kwa kuzaa mtoto mwenye mkosi. Miaka miwili, na wewe unanipakulia ugali wa bada, tunakula sinia moja, unanitazama."

Nikaanza kulia. Akaniambia, "Mimi usinililie. Aliyetolewa si mimi. Na wale waliokaa kwenye mikeka siku ile, utawaita wewe, kwa mdomo wako."

Niliwaita Ijumaa, watu wametoka kusali. Kaka yako alikuwepo. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama siku ile, nikasema mtoto aliumwa malaria kwa sababu mimi mama yake nilifunika mboga nikaacha kumfunika yeye, na Tatu ndiye aliyemwokoa, na sanamu halikuwa na kosa lolote. Mama mkubwa akajikohoza akasema, "Hata hivyo, yale mabawa mimi sikuyapenda." Wengine wakacheka. Kaka yako hakucheka. Aliinuka akaenda kukaa kwenye lori lake, na mpaka leo ananijibu yale ya lazima tu. Sijamlalamikia. Namjua moyo wake, na najua ninachostahili.

Sikuandikii ili unihurumie, wala sitaki useme yaliyopita yamepita. Hayakupita, yalikupata wewe. Kama unazo hasira, njoo nazo, uani pale pale, uniambie mbele ya watu uliyoyameza siku ile. Nitakaa chini nikusikilize mpaka umalize. Na kama huwezi kuja, sitamwambia mtu umekataa.

Ila jambo moja nimekataa mimi, na mama tumekubaliana. Binamu wa Korogwe tumemshukuru, tumemwambia aje kula tu. Arobaini ikifika itasomwa dua na watu watalishwa, lakini kichwa cha mtoto huyu hakiguswi na wembe akiwa kwenye mapaja ya mtu mwingine. Wazee wananiambia nywele zitamzidi, joto la huku litamtoa vipele. Nimewaambia nitamwogesha mara mbili kwa siku, maji nitachota mwenyewe. Akifika mwaka nazo, sawa. Akianza kutembea nazo, watu wakaniuliza mbona mtoto hajanyolewa, nitawaeleza kwa nini, kila atakayeuliza, tangu mwanzo.

Ni mimi niliyekukosea,
wifi yako, mama Nuru.