Koki Sita, Mabalozi Sita

Jumanne, 5 Agosti 1975
Zahanati tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Mpira wa tangi la choo umechanika pale pale. Nimeufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli. Utashika siku mbili.

Kosa si la mpira. Waliojenga waliunga mipira moja kwa moja kwenye mabomba ya ukutani, wakasema koki za kona, za kufunga kila bomba peke yake, zitakuja. Hazijaja. Kinachofunga maji ni koki kuu tu, chini ya tangi. Choo kikivuja unafunga koki kuu, na hapo chumba cha kujifungulia kinakauka, sinki ya vidonda inakauka, nyumba ya mkunga inakauka. Ugonjwa wa mmoja wanalala wote.

Hesabu. Tangi lilijaa Ijumaa, madebe 100. Matumizi 4 kwa siku, yanayovuja 2. Yamebaki 76. Dizeli ya mashine ya maji ni tarehe 22. Hatufiki.

Elizabeti, mke wangu, anajifungua katikati ya siku hizo. Mimba ya sita, na umri umekwenda. Naogopa. Sijamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti
Koki zimefika kwa basi la Itigi! Sita. Niliandika barua mwezi wa sita kuomba tano na moja ya akiba, na kweli wameleta sita. Nimeziona kwa macho ofisini kwa Mwenyekiti. Mdomo wa nusu inchi. Si shaba nzito, ni zile za kupakwa mng'aro, nyepesi mkononi. Ndani zina washa ya mpira, unazungusha mara nne na nusu ndipo inafunga. Afadhali zile za robo mzunguko, lakini mwombaji hachagui. Zinafaa.

Kesho naitwa Ihanja, pampu ya mkono imekufa. Nitazifunga Jumatatu.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimerudi. Koki hazipo.

Kamati ilikaa jana bila mimi. Kijiji kina mabalozi wa nyumba kumi kumi, sita. Koki sita. Mwenyekiti kasimama: "Ndugu zangu, sita kwa sita. Hii Mungu mwenyewe kapanga." Wakapiga makofi. Kila balozi akapewa yake. Wanaamini koki ikishakuwepo, maji yatafuata. Redioni wanasikia maji yatafika karibu na kila kaya, basi wameona koki ndiyo mbegu.

Nimemwambia Mwenyekiti, bila bomba koki ni chuma tu. Kajibu mbele za watu: "Fundi, wewe una sinki nyumbani kwako. Wengine nao wasionje?" Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Kabaila wa maji huyo!"

Sinki yangu nimeifunga kwa mikono yangu, na maji yake anabeba punda wangu. Nilianza reli ya Itigi kwa kubeba mabomba begani. Kusoma nilijifunzia kwenye maandishi ya mabomba hayo. Hakuna kamati iliyonifundisha. Nina hasira.

Mpira umechanika tena. Bi Tabitha mkunga kafunga koki kuu, sasa anapanda ngazi kuchota tangini kwa ndoo. Madebe 40 yamebaki. Kaniambia wazi: "Fundi, siwezi kuwa juu ya ngazi na mtoto anatoka chini. Maji yasipopita bombani mpaka Ijumaa, nafunga chumba. Wazazi waende Itigi."

Itigi ni mwendo wa saa tano kwa mkokoteni wa ng'ombe. Elizabeti alikuwa kakaa kwenye benchi anasubiri kupimwa. Kasikia yote.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeanza kuzunguka kwa mabalozi, spana mkononi.

Wa kwanza kaiweka kabatini ndani ya karatasi yake, karibu na picha ya harusi. Mkewe katoa upesi. Kumbe ilikuwa inamtisha.

Wa pili kaifunga kwenye pipa la asali. Ina maana, nusu inchi inakaa vizuri. Ila asali haipiti, imeganda ndani. Akacheka: "Chukua bwana, inanitoa jasho kuliko nyuki." Nimeichemsha kwenye sufuria ya Elizabeti, kapata maji matamu ya uji.

Wa tatu ni pipa la pombe. Walevi waliifungua kwa jiwe. Mkono wa koki umevunjika, shina limepinda. Hii imekufa.

Moja nzima, moja tamu, moja maiti.

Jumatano, 13 Agosti
Balozi Petro. Nilikwenda na maneno makali tayari mdomoni.

Kaipigilia kwenye ukuta wa tope, karibu na mlango, urefu wa kiuno. Chini yake kapanga mawe matatu ya kuwekea ndoo. Ndoo ipo. Mkewe kaniambia kila asubuhi mumewe anaifungua kidogo, anaweka sikio.

Maneno makali yaliisha. Nimekaa naye, nimechora mchangani: tangi, bomba, ukuta, koki. Maji yanatoka ukutani, yanaingia kwenye koki, yanakunja kona, yanapanda kwenye sinki. Koki haileti maji. Kazi yake ni kuzuia. Kaufuata mchoro kwa kidole. "Kwa hiyo hata ningesubiri miaka kumi?" Nikasema, hata ishirini. Kaing'oa mwenyewe, kaifuta tope kwa shati lake, kanipa. Mawe matatu hakuyaondoa.

Tatu sasa. Ninahitaji tano: choo, uzazi, vidonda, na mbili za nyumba ya mkunga.

Mwenyekiti naye ni balozi, ana ya kwake. Kakataa. Anasema iliyogawiwa na kikao itarudishwa na kikao, na kikao ni mwisho wa mwezi. Nimemwambia mke wangu hana mwisho wa mwezi. Hata hivyo hakutoa.

Ya sita iko kwa Bibi Mwajuma, ambaye marehemu mumewe alikuwa balozi kabla yake. Shikamoo, marahaba. Kaifunga kwenye pipa dogo nyuma ya nyumba, na katani ya kuzuia kuvuja kazungushia kama fundi. Anatawadhia hapo. Vidole vyake vimekunjamana, hawezi kuinua birika. Koki anaisukuma kwa kiganja. "Mwanangu, tangu Jumapili sijamwita mjukuu anishikie maji." Kisha akasema, "Kama ni ya wazazi, ichukue."

Nimeangalia. Haivuji hata tone. Katika kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeitumia inavyotakiwa. Nimeiacha. Nimeondoka najilaumu na sijutii.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeamka na jibu.

Sinki ya chumba cha kujifungulia na tangi la choo vimegawana ukuta mmoja, bomba lao ni moja. Na koki ya sinki yangu ni ya midomo miwili. Shaba tupu, nzito kama jiwe la kusagia, nilipewa nilipoacha reli. Maji yanaingia mahali pamoja, yanatoka mahali pawili, kila mdomo una mkono wake wa kufungia. Mbili kwa moja. Na tatu. Tano.

Nilikaa mbele ya sinki yangu muda. Kisha nikafungua nati.

Elizabeti kauliza, "Baba Daudi, unafanya nini?" Kaona. Kaleta kitambaa cha kufuta.

Katani, rangi, spana. Tangu saa nne na nusu asubuhi nipo kazini. Saa tisa tumefungua koki kuu. Kavu kila kiungo. Nimebadilisha mpira wa choo huku maji yanatoka kwenye sinki ya upande wa pili. Bi Tabitha alikuwa ananawa mikono, ananawa tu, bila sababu.

Yamebaki madebe 31, maana kwa ndoo walitumia matatu tu kwa siku. Siku nane, nne kila siku, 32. Limepungua moja. Nitalibeba kwa punda.

Jumapili, 17 Agosti
Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti kaishukuru kamati kwa kufanikisha maji ya zahanati. Kamati! Jina langu halikutajwa. Nilitazama viatu vyangu. Petro alikuwa pembeni, akasema kwa sauti, "Na fundi je?" Wakaendelea na habari za mbegu.

Jumanne, 19 Agosti
Uchungu ulianza saa moja asubuhi. Nilikuwa nje, mgongo ukutani. Saa nne nasikia maji yanaruka ndani, chumba cha vidonda, mpira wa zamani umepasuka. Nikakimbilia koki kuu. Mkono ukashika, nikakumbuka kila bomba sasa lina koki yake. Nikaiacha.

Bi Tabitha kapiga kelele, "Nimeshaifunga hii! Huku yanakuja!" Mizunguko minne na nusu, koki moja tu. Nikasikia sinki ya chumba cha kujifungulia inaendelea kutiririka. Nikahesabu. Sijui nilikuwa nahesabu nini. Nilifika mia tatu na arobaini, mtoto akalia.

Msichana. Elizabeti mzima. Damu nyingi, lakini mzima.

Nimelia. Naandika ili isemwe.

Jumapili, 24 Agosti
Dizeli ilichelewa, imekuja jana. Debe langu moja likawa matano.

Mwenyekiti kapita mchana kumwona mtoto. Alikaa, akanywa chai, akauliza jina. Wakati wa kuondoka katoa kitu mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi yake ya kwanza. Hakusema pole. Alisema, "Fundi, hii kwangu imekaa kama sanamu. Wajukuu wananiuliza ni ya nini, sina jibu."

Kikao hakijakaa. Sikumkumbusha.

Nimeifunga kwenye sinki yangu. Nyepesi, mdomo mmoja. Elizabeti ananawa nepi. Nimeifunga, nimeifungua, nimeweka sikio. Haivuji.