Kipimo cha Makofi

Kheri, nilisikia makofi kabla sijafungua mlango wa ofisi ya ufadhili.

Makofi, ndugu yangu. Mwenyekiti amesimama nyuma ya dada yangu Twaiba, anampigia makofi kisogoni ajue kama kweli ni kiziwi.

Twaiba akageuka. "Huyu anasikia," mwenyekiti akasema, akamfuta kwenye orodha ya watakaopandikizwa kifaa cha sikio kwa bei nafuu.

Anasikia, eti. Aligeuka kwa harufu ya marashi ya mwenyekiti, yananuka mpaka Galu.

Nikampa mwenyekiti cheti cha daktari kuwa Twaiba ni kiziwi. Hakukitazama. "Makofi hayadanganyi, kijana."

Nikamwambia mbele ya watu wote: "Bwana mwenyekiti, kesho narudi na daktari mwenyewe. Jina la Twaiba lisiporudi, nakutungia shairi, na harusi zote za Kinondo zitaliimba mpaka wajukuu zako waone haya."