Ukuta Uliomfungia Kim Nje

Nyeri Mjini,
Jumatano asubuhi.

Ndugu yangu mpendwa Kim,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, zenye joto kuliko hilo jua lenu la Doha, maana hapa baridi imetukaba na Mama anavaa sweta mbili. Sisi tu wazima. Goti la Mama limepoa, Baba ananguruma kama kawaida, na mimi dada yako nazidi kunenepa kwa kosa la mchele wa pishori. Wasiwasi wetu ni kwako tu. Je, unakula? Unalala? Na mbona hushiki simu?

Usinijibu, najua. Ulijaribu kuingia kwenye kompyuta za duka ukiwa huko, ufunge hesabu za stoki kama unavyofanya kila mwisho wa mwezi, ukakuta maandishi mekundu yanasema huruhusiwi. Ukanitumia ujumbe kwamba nimwambie Baba umeelewa, kisha ukanyamaza. Ulidhani amekutoa kwenye biashara kwa sababu ya ule ugomvi wa Krismasi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ujumbe wa simu ungeufuta bila kuusoma, lakini karatasi iliyobebwa na Watiri wa jirani kwenye begi lake hadi huko, nakujua, utaona haya kuitupa. Keti basi nikueleze tangu mwanzo.

Krismasi ulimwambia Baba kwamba kompyuta zetu ni ghala lisilo na mlango. Akakujibu kwamba mtu anayeishi jangwani hawezi kumfundisha yeye kufunga ghala. Mlirushiana maneno mpaka nyama ikapoa. Basi mwezi wa tatu ghala likaingiliwa kweli. Dedan, meneja wetu wa kinu cha mpunga cha Wang'uru, alifungua tovuti ya kutazama mpira bure, na kirusi kikaingia kwenye kompyuta za kinu, kikapita moja kwa moja hadi duka la Nyeri na lile jipya la Nanyuki. Wiki nzima tuliandika risiti kwa mkono. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na guu likavunjika vilevile. Baba hakutaja jina lako, lakini nilimwona akiitazama picha yako pale sebuleni kama mtu aliyeshindwa kesi.

Wakati huohuo hoteli moja kubwa ya Nanyuki ikasema haitaunganisha mfumo wake wa oda na wetu mpaka tuwe na ulinzi wa mtandao. Tukamwita Shivani, binti wa Umesh wa duka la vifaa vya ujenzi hapo mkabala, aliyesomea mambo hayo. Akapendekeza firewall, yaani ukuta wa kuchuja kila kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wetu. Baba alikubali haraka mpaka nikashuku ana homa.

Kumbe alidhani ni mashine. Shivani aliporudi alikuta fundi amechomelea kizimba cha chuma ofisini, kina kufuli mbili, kinausubiri huo ukuta. Shivani hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alimweleza taratibu kwamba ukuta wenyewe haukai kwenye sanduku. Uko kwenye mitambo ya kampuni inayoukodisha, unafikiwa kwa intaneti, na kinu pamoja na maduka yote mawili yatapitia lango hilohilo moja. Ukibadilisha sheria mara moja, imebadilika kote. Baba akauliza kama hiyo ni sawa na kulipa askari mmoja alinde milango mitatu. Shivani akasema ni karibu hivyo. Mzee akatabasamu kama bwana harusi! Kizimba Mama alikichukua, sasa kuku wake wanalala chini ya kufuli mbili.

Tangu hapo mambo ni shwari. Oda za hoteli zinaingia zenyewe. Anayelia ni Dedan pekee: anasema ati ukuta umeharibu kazi kinuni, maana tovuti za mpira na za kubeti zimefungwa na saa ya chakula siku hizi haiishi.

Sasa nije kwako. Siku ya kuweka sheria, Shivani alimuuliza Baba wafanyakazi wake wako wapi. Baba akasema Nyeri, Nanyuki na Wang'uru. Akamuuliza kama ana mfanyakazi yeyote nje ya Kenya. Baba, bila hata kufikiri, akasema hana. Basi Shivani akafunga njia zote za kuingilia kutoka nje ya nchi. Wewe uliyepiga kelele tuweke mlango ukawa wa kwanza kufungiwa nje. Nilipong'amua nilicheka, halafu nikalia kidogo.

Nilimwonyesha Baba ujumbe wako. Aliusoma mara mbili, akaniamuru nimpigie Shivani aje aung'oe ukuta wote siku hiyohiyo, na hoteli itafute mchele kwingine. Alisema ukuta unaomfungia mwanawe nje si wake. Shivani alikuja mbio akamtuliza, akaeleza kwamba linaongezwa jina lako tu, na simu yako ithibitishe kuwa ni wewe. Akamuuliza akuandike kama nani: mfanyakazi, mshauri au mgeni. Baba akawaka upya. Alisema alipoulizwa habari za wafanyakazi alijibu ukweli, kwani ni lini ulikuwa mfanyakazi wake?

Nitakuambia na jambo alilonikataza. Aliniagiza niseme tu kwamba kompyuta zilikuwa na hitilafu na zimetengenezwa. Lakini kuna mahali ambapo lazima uandike sababu ya kumruhusu mtu, na Baba hakutaka kuandikiwa. Alivaa miwani, akavuta kibodi, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, mimi na Shivani tumesimama nyuma yake. Aliandika: Ni duka lake. Kisha akageuka akatuuliza kama hiyo inatosha.

Shika simu basi, Kim, uingie. Hesabu za stoki bado ziko wazi. Baba hataki mtu mwingine aziguse.

Mama anasema uvae soksi hata kama kuna joto. Dedan naye anakusalimu, na anaomba umsihi Baba alegeze moyo walau siku za fainali. Watiri umpikie chai, amekubebea pishori. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ngendo