Swali Lako la Itebero

Riziki, PDG wangu,

Nimetetea kazi ya kumaliza chuo. Nakuambia hili kabla ya salamu kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza. Nimesimama mbele ya walimu na kazi yetu mkononi, nimevaa viatu vyako vyeusi. Bado vinanibana. Nilipotoka nje nilikutafuta kwa macho kati ya watu. Kweli, nilikutafuta.

Kitanda chako hapa chumbani kwetu Goma anakilalia msichana mwingine anayesoma biashara. Ni mpole, hana kosa lolote. Ila anapiga mswaki kimya. Wewe ulikuwa unaimba na povu mdomoni, mimi nikikugombeza, na sasa kila asubuhi kimya kile kinaniamsha.

Unakumbuka njia ya Itebero? Mimi mtu wa afya ya jamii nilikwenda kutafuta kwa nini wanawake wa kule wanachelewa kufika kituo cha afya wakati wa kuzaa. Wewe wa biashara ulisema unanisindikiza tu, utawaangalia wauza mawese njiani. Msitu mzima nilikuita PDG, mkurugenzi wa kampuni isiyokuwepo, na miguu yangu ilipovimba ukanilipa: "Docta, jitibu kwanza miguu yako!"

Nilikuwa na maswali yangu yamepangwa vizuri. Umbali, bei, hofu. Yule mama mwenye tumbo kubwa alikuwa ananijibu ndiyo, hapana, ndiyo, huku akiangalia njia. Ukaingilia bila ruhusa yangu: "Mama, ukienda kuzala, nani anakuuzishia?"

Akaacha kuangalia njia, akakutazama wewe. Kisha akasema: "Hakuna. Njo maana ninangojaka mpaka maumivu ikamate sana. Nikilala kule, mihogo nimelowesha itaoza mu maji, na nafasi yangu ya soko mwengine atakamata." Hapo ndipo wote wakaanza kusema kwa pamoja, hata wale waliokuwa wamekataa kukaa karibu nasi.

Wakati wa kuaga ukawaambia tutarudi kuwaeleza tulichopata. Wakacheka, na yule mama mwenye tumbo alicheka kuliko wote. "Bote banasemaka vile, binti. Banaenda, hawarudie." Ulikasirika mpaka tunatoka msituni. Nilikuomba unywe maji, ukakataa hata maji.

Kisha ukaenda nyumbani Burungu kumsaidia mama yako kuvuna maharage. Tumbo likakushika. Barabara ilikuwa imefungwa na risasi, hakuna pikipiki iliyokubali kupita, na vijana wa kijiji wakakuweka kwenye tipoyi, ile machela ya miti, wakakubeba mabegani kwa njia za mashambani kuelekea hospitali ya Kitchanga. Hukufika. Waliniambia ulikuwa unawaomba msamaha kwa uzito wako. Wewe, uzito gani?

Simu iliponifikia nilikuwa nakula. Nilimaliza kutafuna kilichokuwa mdomoni. Sijui kwa nini nakuandikia jambo kama hilo.

Baada ya matanga ilibidi nirudi kwenye kazi, na kazi yote ilikuwa sauti. Mahojiano ya Itebero yalikuwa ndani ya simu yangu, nami nilitakiwa kuyaandika neno kwa neno. Nasikiliza kidogo, nasimamisha, naandika. Halafu wewe unacheka, au unakohoa, au unaninong'oneza kwamba una njaa, na mimi narudisha nyuma, tena na tena, mpaka nasahau nilikuwa natafuta nini.

Profesa aliyesimamia kazi alikuwa mwema kwangu. Alikuja matanga, alikaa chini kwenye mkeka pamoja na sisi. Lakini aliposoma kurasa zangu za kwanza alisema: "Mwanangu, andika majibu tu. Maswali yako yamo tayari kwenye fomu. Kicheko cha muulizaji hakisaidii utafiti."

Riziki, swali lako halikuwemo kwenye fomu. Lilitoka kinywani mwako pale pale. Nikilifuta, majibu ya wale akina mama yanabaki yananing'inia, kana kwamba niliyapata kwa akili yangu. Na wewe unakufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu, kwenye kompyuta. Nilijaribu. Nilifuta ukurasa mmoja, nikaurudisha. Mwishowe kila mahali ulipofungua mdomo niliandika jina lako, nukta mbili, na ulichosema. Profesa akaniambia watanikata alama. Nikasema wakate.

Siku yenyewe, mwalimu mmoja alifunua kurasa, akauliza: "Huyu Riziki ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Kifaransa chote kilinikimbia. Nikajibu kwa Kiswahili, kile cha nyumbani: "Ni mwenzangu. Njo yeye aliuliza. Mimi niliandika." Nikawaeleza kuhusu tipoyi. Nikawaambia kwamba swali kubwa la kazi hii ni lake, na kwamba hayupo kulitetea. Waliinamisha vichwa.

Wakanipitisha. Nje wenzetu walikuwa wananingoja na puda, ile poda nyeupe, ya kunimwagia, kama anavyofanyiwa kila anayefaulu. Nilifunika kichwa kwa mikono nikawakimbia. Nani ataniona mweupe kwa furaha, nami nina msiba wako?

Barabara ilipofunguka nilikwenda Burungu. Mama hakuuliza nimepata alama gani. Alinikalisha, akaniuliza: "Uko na sauti yake?" Nikafungua simu. Ilikuwa pale wanawake wanakutania, mmoja anasema, "Na weye, binti, utazala lini?" na wewe unacheka: "Nimalize kwanza masomo! Mama yangu alishanunua puda ya kunimwangia. Anaifichaka mu sanduku, anazani sijue."

Mama alishika mdomo. "Alijua," akasema. "Kumbe alijua."

Akaingia ndani. Alitoka na kopo, jipya, halijafunguliwa. "Inama," akaniambia. Nikainama. Akanimwagia yote, kichwani, shingoni, mpaka ndani ya viatu vyako, huku anapiga vigelegele. Iliyobaki mkononi akajipaka usoni mwake mwenyewe. Kisha tukaja kaburini kwako hivyo hivyo, watu wawili weupe katikati ya shamba la maharage, na majirani wakaacha majembe kutuangalia. Ulituona? Niambie ulituona.

Sasa nisikilize. Njia ya Walikale ikiruhusu tu, narudi Itebero. Nitakaa nao chini, niwaambie walichotuambia kimesomwa mbele ya walimu. Kisha nitawauliza tena swali lako, na safari hii sitaondoka mpaka kila mmoja awe amemtaja mwenzake wa kumshikia nafasi ya soko na kumtolea mihogo majini. Nitaanza na yule aliyecheka kuliko wote. Akiniuliza uko wapi, nitamwambia ukweli, halafu nitamfungulia simu.

Lala, PDG wangu. Viatu vyako nitavivaa mpaka matope yaanze, halafu nitavibeba mkononi. Lakini vitafika.

Docta wako